Jinsi ya kujua mungu wa Kirumi katokea wapi kabla hujasema ni Mgiriki aliyebadilishwa jina

Watu wengi wakianza kusoma habari za miungu ya Roma wanakutana na ile listi, Jupiter ni Zeus, Juno ni Hera, Mars ni Ares, Venus ni Aphrodite, Neptunus ni Poseidon, na listi yenyewe inavutia kwasababu unaikariri kwa dakika tano na unaona umemaliza. Alafu unatoka hapo unamwambia mtu Warumi hawakuwa na chao, walichukua kila kitu kwa Wagiriki wakabadilisha majina tu. Naomba hiyo listi tuiweke pembeni kwanza. Sio ya uongo, Warumi wenyewe waliitumia, ila ni mwisho wa safari ya miaka mingi mno na wewe ndo unaanzia hapo, kwa hiyo njia yote iliyopitwa huioni.

Mimi nina daftari, kila mungu nampa ukurasa wake, na kila mmoja namuuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Alitambikiwaje? Jina lake ni la lugha gani? Alipitia kwa nani kabla ya kufika Roma? Aliingia lini, na kwasababu gani? Na hadithi zake kazisimulia nani? Huo mpangilio usiugeuze. Ukianza na hadithi umeshapotea, maana kwa Roma hadithi za miungu ndo kitu kilichokuja nyuma ya vyote, matambiko yalikuwepo zamani sana, watu wanachinja, wanamwaga divai, wanaomba mvua, na hakuna mtu anayesimulia mungu fulani kamuoa nani.

Kwanza elewa kurithi na kuazima ni vitu viwili

Hapa sisi tunaoongea Kiswahili tuna pa kuanzia pazuri. Chukua neno mtu. Kwa Kizulu ni umuntu, kwa Kiganda omuntu, kwa Kishona munhu. Hapo hakuna aliyemwazima mwenzake, wote wamelipata kwa bibi mmoja wa zamani. Sasa chukua kitabu. Hilo limetoka Kiarabu, lakini tumelipokea mpaka tukasema vitabu, ile ki ya mwanzo tukaifanya ya kwetu kabisa kana kwamba imezaliwa hapa. Mtu asiyejua akiyaona maneno haya mawili yamekaa pamoja kwenye sentensi hawezi kukwambia lipi la urithi na lipi la kuazima.

Jupiter yuko upande wa mtu. Kilatini cha zamani kina Diespiter, Kigiriki kina Zeus pater, Kisanskriti kina Dyaus pita, na yote yanarudi kwa baba mmoja wa anga lenye mwanga. Watu waliokuja kuwa Warumi hawakumchukua Zeus kwa Wagiriki, waliingia naye Italia kwenye lugha yao wenyewe, kama Wagiriki walivyoingia naye kwao. Kwa hiyo ukisema Jupiter ni Zeus umesema kweli, ila ni ukweli wa ndugu wawili, mmoja hakumwazima mwenzake.

Hercules yuko upande wa kitabu. Ni Herakles wa Wagiriki, Waetruski wakamwita Hercle, Kilatini kikampa mkia wake kikamfanya Hercules, na baada ya muda Mrumi wa kawaida anaapa kwa jina lake mtaani bila kufikiria kama ni mgeni.

Alafu kuna kundi la tatu, na hili ndo linaleta mkanganyiko kuliko yote. Ni wenyeji kabisa wa Italia, jina lao ni la hukohuko, kazi zao ni za hukohuko, ila baadaye wakavalishwa sura ya Mgiriki juu. Mars, Venus, Neptunus, Vulcanus, Saturnus. Kazi yako kubwa itakuwa kwa hawa.

Anza na kalenda na sio na hadithi

Kalenda ya Roma ya kabla ya mageuzi ya Julius Caesar imebaki moja tu, ilichorwa kwa rangi ukutani kule Antium, mji ambao leo unaitwa Anzio, kusini mwa Roma. Ukiiangalia vizuri utaona sikukuu nyingine zimeandikwa kwa herufi kubwa na nyingine kwa herufi ndogo. Wasomi wengi wanakubaliana zile za herufi kubwa ndo tabaka la zamani kuliko mengine. Hicho ni kipimo cha kwanza na ni cha bure, tafuta mungu wako kama ana sikukuu ya herufi kubwa.

Saturnus anayo, Saturnalia, 17 Desemba. Ceres anayo, Cerialia, 19 Aprili. Vulcanus anayo, 23 Agosti. Apollo hana. Venus naye hana, na hapo inabidi utulie kidogo, maana huyu ndo mungu wa kike ambaye baadaye ukoo wa Julius Caesar ulimwita bibi yao, na kwenye tabaka la zamani hayupo. Hekalu lake la kwanza tunalolijua Roma ni la mwaka 295 KK.

Alafu utakutana na wale ambao listi ya majozi haiwajui kabisa, na hawa naomba usiwaruke. Tarehe 25 Aprili ni Robigalia, watu wanamchinja mbwa kumtuliza Robigus, yani mungu wa kutu, ule ugonjwa wa ngano unaofanya majani yawe na madoa mekundu. Tarehe 23 Februari ni Terminalia, wenye mashamba yanayopakana wanakutana kwenye jiwe la mpaka, kila mmoja anatokea upande wake na shada lake la maua, wanatoa sadaka wanakula pamoja, na mungu mwenyewe Terminus ndo hilo jiwe. Tarehe 25 Julai ni sikukuu ya Furrina, na huyu nampenda sana kwa jambo moja, msomi Varro aliyeishi karne ya 1 KK anasema kwa wakati wake jina lenyewe linajulikana na watu wachache mno, na bado alikuwa na siku yake kwenye kalenda na kuhani wake rasmi. Mungu amesahaulika, mshahara wa heshima yake unaendelea kulipwa. Ukitaka kujua dini ya Roma ilikuwa kitu gani kabla ya hadithi za Kigiriki kuingia, mtazame Furrina.

Na hao makuhani nao ni kipimo. Kulikuwa na makuhani walioitwa flamines, jumla 15, watatu wakubwa wa Jupiter, Mars na Quirinus, na 12 wadogo. Ukiona mungu ana flamen wake ujue ni wa zamani Roma. Vulcanus anaye, Ceres anaye, Flora anaye. Apollo hayupo kwenye majina tunayoyajua, Mercurius hayupo, Venus hayupo.

Ngoja nikuonyeshe Neptunus kwa kipimo hichi uone kinavyofanya kazi. Sikukuu yake ni 23 Julai, katikati ya joto kali kabisa, mito imepungua, na watu walikuwa wanajenga vibanda vya matawi wakae kivulini. Hakuna meli hapo wala mawimbi. Ukiisoma sikukuu yenyewe unamuona mungu wa maji matamu, wa chemchemi na mito ambayo inaombewa isikauke. Bahari kapewa baadaye alipokutanishwa na Poseidon. Kama ungeanza na ile picha ya mzee mwenye ndevu na mkuki wa meno matatu usingekuja kuijua Julai yake.

Na Mars pia. Tunasema mungu wa vita, sawa, mwezi Machi umebeba jina lake na ndo msimu wa jeshi kutoka. Lakini kwenye mwongozo wa kilimo alioandika Cato karne ya 2 KK kuna sala nzima kwa Baba Mars, mwenye shamba anazungusha nguruwe, kondoo na fahali kwenye mipaka ya shamba lake, anamuomba Mars azuie magonjwa yanayoonekana na yasiyoonekana, azuie ukame wa mazao na uharibifu, aache nafaka na mizabibu ikue, awalinde wachungaji na mifugo. Ares wa Wagiriki huwezi kumuomba hivyo, kwao ni mungu wa kumwaga damu ambaye hata Zeus kwenye Iliad, shairi la vita la Homer, mshairi wa zamani wa Wagiriki, anamwambia anamchukia kuliko miungu yote. Mars ni mlinzi anayesimama mpakani, adui akija na mkuki anamzuia na ugonjwa ukija anauzuia vilevile. Hadithi za Ares zilibandikwa juu yake na nyingi hazikushika vizuri.

Chunguza jina

Hapa usiende haraka. Kuna majina ya Kigiriki moja kwa moja, Apollo ni Apollon, Aesculapius ni Asklepios, Latona ni Leto kwa lahaja ya Wadori, kundi moja la Wagiriki. Kuna yaliyosagikasagika njiani, na hayo ni ya thamani zaidi kwasababu kusagika kunaonyesha jina lilitembea kwa midomo ya watu na sio kwa vitabu. Polydeukes kawa Pollux. Odysseus kawa Ulixes. Persephone kawa Proserpina. Kule Lavinium, mji wa Walatini kusini mwa Roma, ilipatikana bamba la shaba la karne ya 6 KK limeandikwa Castor na Podlouques, na jamaa huyu wa pili ukimtazama vizuri unamuona yuko katikati ya barabara, sio Polydeukes tena na bado hajawa Pollux.

Na kuna majina yenye maana ndani ya Kilatini chenyewe. Janus ni mlango au njia ya kupita, na ndo aliyeipa Januari jina lake. Huyu ndo mfano mzuri kuliko wote wa mungu ambaye hakuazimwa popote, mpaka mshairi Ovid kwenye shairi lake la kalenda anamwambia Janus usoni kwamba Ugiriki haina mungu wa kufanana naye. Kwenye sala za Roma anatajwa wa kwanza, kabla hata ya Jupiter, kwasababu kila kitu kinapitia mlangoni. Milango ya hekalu lake ilifungwa tu wakati wa amani, na Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, anajivunia kwamba kabla yake ilifungwa mara mbili tu tangu mji uanzishwe na kwenye uongozi wake baraza la Seneti liliamuru ifungwe mara tatu.

Venus jina lake lilikuwa neno la kawaida tu, maana yake mvuto au haiba. Unaona ilivyo, neno la kawaida likaja kuwa mtu, alafu huyo mtu akapewa wasifu mzima wa Aphrodite, mume, mpenzi, mtoto, povu la bahari.

Usiwaruke Waetruski

Watu wanachora mshale mmoja kutoka Athens mpaka Roma na hiyo ndo picha inayowapoteza. Kaskazini mwa mto Tiber walikuwepo Waetruski, lugha yao haina undugu na Kilatini wala Kigiriki, matajiri, wanafanya biashara na Wagiriki kabla Roma haijawa kitu. Na Wagiriki wenyewe hawakuwa mbali, walishaweka makazi Pithekoussai, kwenye kisiwa cha Ischia karibu na Naples ya leo, karne ya 8 KK. Hapo mwaka 1954 kilichimbuliwa kikombe cha udongo kaburini, chenye maandishi yaliyokwaruzwa pembeni yakisema atakayenywea kikombe hiki atashikwa mara moja na hamu ya Aphrodite mwenye taji zuri. Kikombe ni cha kabla ya 700 KK. Kwa hiyo jina la Aphrodite lilikuwa limeshaandikwa kwenye ardhi ya Italia wakati Roma bado ni vibanda vya udongo juu ya vilima, na alfabeti hiyohiyo ya Wagiriki wa huko ikapita kwa Waetruski ikawafikia Walatini.

Sasa angalia utatu wa Capitolium, kile kilima cha hekalu kuu la Roma, Jupiter, Juno na Minerva kwenye hekalu moja, ambalo Warumi wanasema lilifunguliwa mwaka 509 KK. Waetruski wana Tinia, Uni na Menrva. Sanamu ya udongo wa kuchoma ya Jupiter wa hekalu hilo, mwandishi wa Kirumi Pliny anasema ilitengenezwa na fundi wa Kietruski kutoka mji wa Veii aliyeitwa Vulca. Kabla ya hapo Roma ilikuwa na utatu mwingine, wale wenye flamines wakubwa, Jupiter, Mars na Quirinus, wote wanaume na hakuna mke wala binti. Kutoka utatu ule kwenda huu ni badiliko kubwa sana, miungu imeanza kukaa kama familia, na waliolileta walikuwa mafundi na wafalme wa Kietruski ambao tayari walishakaa na Wagiriki muda mrefu.

Kama unaweza kupata picha ya ini la Piacenza itazame kwa muda. Ni ini la kondoo lililotengenezwa kwa shaba, mkulima alilifukua kwa jembe lake mwaka 1877, limegawanywa vyumba vyumba na kila chumba kina jina la mungu, ili mtabiri akichinja kondoo ajue doa lililopo kwenye ini ni ujumbe wa nani. Humo ndani Tinia yupo, Uni yupo, na Hercle yupo, yani shujaa wa Kigiriki kapewa chumba chake ndani ya ini la Kietruski pamoja na wenyeji na hakuna aliyeona ajabu.

Uliza aliingia lini na nani alimfungulia

Hapa Warumi wametusaidia sana kwasababu walikuwa watu wa kumbukumbu. Mungu mgeni hakuja kimyakimya, aliitwa kwa azimio, mara nyingi baada ya vitabu vya unabii vya Sibylla kufunguliwa, na hivyo vitabu vilikuwa vya Kigiriki, vinafunguliwa tu mambo yakiharibika, tauni, njaa, vita. Kwa hiyo andika mwaka na andika janga. Ceres, Liber na Libera walipata hekalu kwenye kilima cha Aventinus mwaka 493 KK baada ya upungufu wa chakula, na makuhani wake wa kike kwa ibada ya Kigiriki walikuwa wanaletwa kutoka Naples na Velia, wanapewa uraia wa Roma ili wamuombe mungu kwa maneno ya kigeni lakini kwa moyo wa raia. Cicero, mwanasheria na mwanasiasa wa Roma, ndo anaeleza hivyo na mimi naona ni moja ya mambo mazuri kuliko yote kwenye somo hili. Ukumbuke Ceres mwenyewe ni wa kale Roma, ana flamen na herufi kubwa, kilichoingia ni namna ya Kigiriki ya kumuabudu, ile ya Demeter, mungu wao wa kike wa nafaka. Mungu mmoja, ibada mbili, tarehe mbili. Kwenye daftari mpe mistari miwili.

Apollo aliahidiwa hekalu mwaka 433 KK kwasababu ya tauni. Aesculapius, mungu wa uponyaji, aliletwa kutoka Epidauros huko Ugiriki kwa sura ya nyoka baada ya tauni ya 293 KK, akawekwa kwenye kisiwa cha Tiber. Juno wa Veii aliitwa na jenerali wa Roma mwaka 396 KK auache mji wake unaozingirwa ahamie Roma, na mwanahistoria Livy anasimulia kijana mmoja aliiuliza sanamu, Juno, unataka kwenda Roma, na wenzake wakapiga kelele kwamba ametikisa kichwa kukubali. Huyo sio Mgiriki kabisa, ila nakutajia ujue mlango wa Roma haukuwa mmoja.

Na ile listi ya majozi tuliyoiweka pembeni ina mwaka wake pia. Mwaka 217 KK Hannibal, jenerali wa Carthage, aliliangamiza jeshi la Roma kwenye ziwa Trasimene, kama watu 15,000 walikufa, mji ukashikwa na hofu, vitabu vya Sibylla vikafunguliwa, na kati ya vilivyoamriwa ni karamu ya miungu, vitanda sita vimetandikwa na kila kitanda kina miungu wawili. Jupiter na Juno. Neptunus na Minerva. Mars na Venus. Apollo na Diana. Vulcanus na Vesta. Mercurius na Ceres. Hebu jiulize Neptunus na Minerva wanakaaje kitanda kimoja, kwa Kirumi hawana uhusiano wowote, ila Poseidon na Athena waligombania mji wa Athens, hapo ndo inaeleweka. Mars na Venus vilevile, ni Ares na Aphrodite. Siku hiyo miungu 12 ya Olympos, mlima wa miungu ya Wagiriki, ilikaa hadharani Roma kwa majina ya Kilatini.

Kipimo kidogo cha ziada, angalia kichwa cha anayetoa sadaka. Mrumi kwa kawaida anavuta toga yake, lile vazi la kujifunga, anafunika kichwa, kuna sanamu ya Augustus ya Via Labicana inaonyesha hivyo vizuri sana. Ibada iliyoitwa ya Kigiriki inafanywa kichwa wazi. Kwenye madhabahu kubwa ya Hercules ni kichwa wazi. Kwa Saturnus pia ni kichwa wazi, ingawa ana sikukuu ya herufi kubwa, kwa hiyo kipimo kimoja peke yake kisikufanye uhukumu, vipime vyote alafu uone vinakubaliana wapi na vinagombana wapi, na pale vinapogombana ndo penye kitu cha kusoma.

Hadithi ziwe za mwisho, na kila hadithi iwe na msimulizi

Mwaka 240 KK Livius Andronicus, mtu wa asili ya Kigiriki, aliigiza Roma tamthilia ya kwanza ya mtindo wa Kigiriki kwa Kilatini. Yeye pia ndo alitafsiri Odyssey, shairi jingine la Homer, na mstari wake wa kwanza unaonyesha kazi yote ilivyokuwa. Homer anamuomba Musa, mungu wa kike wa mashairi na sio nabii Musa, amsimulie habari za yule mwanamume. Livius akaweka Camena, mungu wa kike wa chemchemi iliyokuwa nje kidogo ya lango la Roma, mahali ambapo makuhani wa kike wa Vesta, mungu wa moto wa jikoni, walikuwa wanachota maji. Kamtafuta mwenyeji wa kulibeba jambo la kigeni. Muda sio mrefu akaja mshairi Ennius, akaanza shairi lake kubwa kwa kuwaita Musae wenyewe wanaokanyaga Olympos, Camena kaachwa na maji yake.

Kwa hiyo ukisoma kisasili chochote cha Kirumi andika pembeni jina la msimulizi na karne yake. Ovid ni wa zama za Augustus. Mshairi Virgil alikufa mwaka 19 KK akaiacha Aeneid, shairi lake la Aeneas, haijakamilika. Hao ni watu waliosoma Kigiriki tangu utotoni, wanachosimulia kuhusu Jupiter na Juno kugombana ni Homer kapita mikononi mwao, ni mazuri sana lakini usiyachukue kama kile alichoamini mkulima wa mwaka 600 KK.

Kama unatafuta visasili vya Warumi wenyewe usiwaulize miungu, waulize wafalme na mashujaa wa mwanzo. Romulus na Remus na mbwa mwitu, Horatius Cocles mwenye jicho moja anayezuia daraja, Mucius Scaevola anayeuchoma mkono wake kwenye moto mbele ya adui. Msomi wa Kifaransa Georges Dumézil alifananisha hao wawili, mwenye jicho moja na mwenye mkono mmoja, na Odin na Tyr wa watu wa kaskazini mwa Ulaya, akasema Warumi walichukua hadithi za urithi wakaziweka kwenye historia ya mji wao badala ya mbinguni. Sio wote wanaokubaliana naye kwa kila kitu, ila ukisoma Livy ukiwa na wazo hilo kichwani kitabu kinabadilika.

Na hapo kuna mshono mmoja unaoonekana kwa macho, naomba uutafute mwenyewe ili uamini. Aeneas ni mtu wa Troya, ule mji ulioangushwa na Wagiriki kwenye hadithi, katoka kwa Homer. Romulus ni wa Roma. Washairi wa mwanzo walisema Romulus ni mjukuu wa Aeneas na mambo yakaisha. Baadaye Wagiriki wakapiga hesabu za miaka, Eratosthenes akaweka kuanguka kwa Troya mwaka 1184 KK, na Roma yenyewe ikapewa 753 KK. Pengo la zaidi ya miaka 400, mjukuu gani huyo? Hivyo ndo ulivyopatikana ule mstari mrefu wa wafalme wa Alba Longa, mji uliosemwa kuwa mama wa Roma, wengi wao hawana hadithi yoyote zaidi ya jina na miaka. Ukikutana na listi ya wafalme wasiofanya kitu, ujue hapo paliunganishwa vitambaa viwili.

Tumalizie na mmoja mzima, Vulcanus

Kalenda, anayo, 23 Agosti, herufi kubwa, wakati nafaka imekauka na cheche moja inaweza kumaliza ghala. Kuhani, anaye. Tambiko, watu wanatupa samaki wadogo hai kwenye moto kama badala ya nafsi zao wenyewe. Mahali, msanifu majengo Vitruvius anasema mahekalu yake yajengwe nje ya kuta ili moto ukae mbali na nyumba. Jina, sio la Kigiriki, na Waetruski wao wana Sethlans ambaye ni jina jingine kabisa. Mpaka hapo hakuna mhunzi, hakuna nyundo, hakuna mguu kilema, hakuna mke mzuri anayemtoroka. Kuna moto unaounguza na watu wanaouogopa. Ungesema huyu ni Mwitalia mtupu, Hephaistos, yule mhunzi kilema wa miungu ya Wagiriki, kaja kubandikwa baadaye sana, zama za washairi.

Ila mwaka 1899 kwenye Forum, uwanja wa katikati ya Roma ya kale, walifukua mahali palipoitwa Lapis Niger, jiwe jeusi, na wengi wanaona pale chini ndo palikuwa patakatifu pa Vulcanus pa zamani. Katikati ya vitu vilivyotolewa sadaka kilikutwa kipande cha chungu cha Athens, rangi nyeusi juu ya udongo mwekundu, cha kama 570 au 560 KK. Kipande chenyewe kimevunjika vibaya lakini picha inasomeka. Mtu kapanda mnyama wa aina ya punda. Ni Hephaistos anarudishwa Olympos.

Kuna mtu miaka zaidi ya 300 kabla ya Livius Andronicus, na kabla hata hekalu la Capitolium halijajengwa, alishika chungu hicho mkononi, akamtazama huyo wa juu ya punda, akakipeleka kwa Vulcanus. Kwenye daftari langu ukurasa wa Vulcanus mstari wa mhunzi nilikuwa nimeuandika karne ya 3 KK kwa kalamu ya wino. Nimeukata, nimeandika 570.